Keki ya Chini ya Sanduku

Kikaango cha utepe mwekundu kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake, kikavu na kimetakata. Ghislaine Trottier alikiona kabla hata hajavua koti. Alikuwa ametoka mjini kung'oa jino, siku tatu za kungoja uvimbe upungue, na uvimbe haukupungua. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa kama la mtu aliyeficha kiazi mdomoni.

"Verna," aliita, "mtoto wangu amekula nini leo asubuhi?"

Verna, msaidizi wake, alikuwa anamenya viazi vya chakula cha jioni. "Mtoto gani, dada?"

"Wa kikaango. Tamsin."

"Aa, huyo! Huyo hayupo. Ameondoka Jumatatu na Kundi la Nne. Yule msichana mwenye meno ya waya aliteguka mguu, nafasi ikabaki wazi, bosi akamwambia Tamsin panda wewe. Ungemwona! Hakutaka hata kumaliza chai."

"Si mama yake aliandika abaki kambini kiangazi chote?"

"Walimpigia simu Toronto. Mama akauliza, chakula kiko salama? Bosi akamsomea orodha nzima, vitu kumi na nane. Mama akakubali."

Ghislaine aliketi juu ya gunia la viazi na koti lake mwilini. "Na sanduku lao lilikwenda vilevile nilivyolifunga?"

"Vilevile. Kwani vipi? Dada, mbona umebadilika rangi? Ni hilo jino?"

"Verna," alisema Ghislaine, "kuna karanga mle."

Sisi tuliowahi kufanya kazi kambi ya Ziwa Kanishi tunaijua keki ile. Kila kundi linapoondoka kwa mitumbwi, siku kumi na mbili msituni bila duka wala simu, linabeba chakula chake kwenye sanduku la mbao lenye mkanda wa ngozi unaovutwa kwa kipaji cha uso. Chini kabisa ya sanduku, chini ya unga na maharage, mpishi huficha keki nyeusi iliyofungwa kwa kitambaa cha maua. Haitajwi. Hufunguliwa Kisiwa cha Nusu, siku ya sita, watoto wakiwa wamechoka, wameumwa na mbu, wanawalilia mama zao. Huo ni mtindo wa tangu zamani. Hata Bwana Pruitt, mkurugenzi mwenyewe, alipokuwa mvulana wa kambi aliila akalamba vidole.

Lakini Pruitt wa sasa alikuwa mtu wa orodha. Mwezi wa sita alitangaza kwamba hakuna kitu kitakachoingia sandukuni kama hakimo kwenye orodha, na kwamba siagi ya karanga yote itupwe, maana anakuja mtoto mwenye mzio. Kwake yeye karanga ni sumu, chembe moja tu humfunga koo. Ghislaine alimjibu ndiyo bwana, ndiyo bwana. Jiko alilisugua mara tatu. Akamnunulia mtoto yule kikaango chake peke yake, akakifunga utepe ili mtu asikiguse. Lakini kutupa ndoo tatu za chakula kizuri? Ng'o! Yeye ni mtoto wa kumi na moja wa mama aliyechemsha mpaka maganda ya viazi. Ndoo akazibeba hadi nyumbani kwake, akazisukuma chini ya kitanda, na siagi ya kupikia ilipopungua, akapikia keki za masanduku kwa siagi ile ya karanga, kwenye jiko la nyumbani, mbali na kambi. Aliona amecheza vizuri. Wote waendao msituni hawana mzio, na mwenye mzio haendi msituni. Kosa liko wapi hapo?

"Ana sindano zake za kufungua koo," alisema Verna polepole. "Nesi alimpa mbili."

"Sindano moja ni robo saa. Mbili ni nusu saa. Na kutoka kisiwani hadi hospitali ni siku tatu za kupiga kasia."

Verna aliacha kisu. Leo ilikuwa Jumatano. Siku ya sita ilikuwa Jumamosi.

*

Réjean, mume wa Ghislaine, alikuwa kwenye banda la mitumbwi akiziba ufa kwa lami. Alimsikiliza bila kuinua kichwa. Alipomaliza kusikiliza alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Nani anajua?"

"Verna."

"Verna hana maneno. Basi ibaki hapo."

"Ibaki hapo vipi, Réjean?"

"Usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe."

"Aliyelala nani? Mtoto?"

"Pruitt! Nani mwingine?" Alitupa tambara. "Sikiliza, mke wangu. Karatasi ya nyumba inasemaje? Tunakaa pale mradi mmoja wetu ana kazi hapa. Mimi mgongo wangu huu, tangu mwaka jana wananivumilia tu, wanajua wakinifukuza mpishi ataondoka. Wewe ndiye paa letu. Miaka kumi na minne tumekaa mle. Utakwenda wapi? Kwa dada yako Timmins, tulale kwenye kochi na mapaka yake?"

"Mapaka ni mawili tu."

"Mawili yanatosha."

Ghislaine hakucheka. "Yule mtoto siku ya kwanza alikuja dirishani kwangu akaniuliza, 'Samahani, mama mpishi, umenawa mikono?' Kidogo kama hivi! Nikakasirika. Miaka ishirini na sita jikoni, naulizwa kama nimenawa."

"Ukafanyaje?"

"Nikanawa."

"Haya, si umeona? Anauliza kila kitu. Mtoto wa hivyo hali ovyo. Atauliza na hiyo keki."

"Atamwuliza nani?" Sauti ya Ghislaine ilipanda mpaka ndege akaruka kwenye ukingo wa banda. "Wa kuulizwa ni mimi, na mimi niko hapa! Kiongozi wao atasema nini? Atasema ni keki ya mpishi, mpishi anakupenda, kula. Ndivyo atakavyosema, maana ndivyo ilivyo!"

Réjean aliokota tambara lake. Alianza tena kufuta mikono iliyokwisha kufutwa. "Subiri basi kesho," alisema. "Usiku huleta shauri."

"Kesho ni Alhamisi," alisema Ghislaine, akaondoka.

*

Hakwenda ofisini moja kwa moja, tusimsingizie ushujaa. Alirudi jikoni akapika. Alikoroga supu, akaonja, asiisikie ladha. Akaitia chumvi mara mbili, Verna akaongeza maji. Kila alipopita karibu na msumari ule alikiangalia kikaango. Nyumba yake ilionekana kutoka dirisha la jiko, mapazia ya bluu aliyoyashona mwenyewe, rundo la kuni za baridi ambazo Réjean alizipanga kwa wiki nzima akiugulia mgongo. Aliitazama nayo pia. Alitaka saa ikimbie na alitaka isimame, yote mawili kwa pamoja, na miguu yake haikutulia.

Saa kumi na mbili jioni kengele ililia na ukumbi ukajaa. Siku hiyo meza ya mkurugenzi ilikuwa na wageni, bwana na bibi kutoka Toronto wenye pacha wa miaka kumi, ambao walikuwa wanafikiria kuwaleta watoto na pia kuijengea kambi gati jipya. Pruitt alikuwa amevaa tai.

Chakula kilipofika katikati, watoto walianza. Kwanza meza moja, ngumi juu ya mbao, kisha zote, mpaka vikombe vikaruka.

"Mpishi, Mpishi, tunataka kukuona! Toka, kimbia, mwiko mkononi!"

Huo ni mtindo mwingine wa Kanishi. Wakikuimba, hutoki mzima mpaka umezunguka ukumbi mbio, mwiko juu, na wote wanapiga makelele. Ghislaine alikuwa na miaka hamsini na minane na kilo zake alikuwa nazo. Kwa kawaida alipenda. Alikuwa akinyanyua aproni na kutupa mguu huku na huku mpaka wadogo wanaanguka chini kwa kicheko.

"Usitoke, dada," alisema Verna. "Nitawaambia unaumwa jino."

"Hapana. Nipe mwiko."

Alitoka. Makelele! Alikimbia upande wa madirisha, shavu limevimba, na watoto wakadhani amelijaza kwa makusudi, wakajaza yao nao, wakamwonyesha. Alipita meza ya wadogo. Alipita meza ya nesi. Alipofika meza ya mkurugenzi alisimama, anahema, mwiko bado juu.

Pruitt alipiga makofi kwa adabu. "Huyu ndiye Ghislaine wetu," aliwaambia wageni. "Kambi bila yeye si kambi. Asante, Ghislaine, endelea."

"Bwana Pruitt, nina neno."

"Baadaye, mama."

"Kuna karanga kwenye sanduku la Kundi la Nne."

Tabasamu halikutoka usoni kwake. Lilibaki tu pale bila kazi. "Hakuna karanga kambini," alisema, akiwageukia wageni. "Tuliziondoa zote mwezi wa sita."

"Zipo. Nilizificha chini ya kitanda changu. Nikapikia keki."

Yule bibi wa Toronto aliweka uma wake chini. Watoto bado walikuwa wanapiga meza, "Kimbia! Kimbia!" maana kwa sheria mpishi hakuwa amemaliza mzunguko.

*

Ofisini Pruitt alipiga simu kwa mwenye ndege ya kutua majini. Ghislaine alisimama karibu na mlango, aproni bado mwilini, wala hakuambiwa akae. Ile sauti ya simuni ilisikika mpaka kwake: moto wa msitu ulikuwa unawaka upande wa magharibi, moshi umelala juu ya maziwa yote, mtu haoni hata bawa la ndege yake. Labda Ijumaa, labda Jumapili. Vijana wote wenye nguvu walikuwa safarini na makundi.

"Ipo njia ya mabwawa," alisema Ghislaine. "Wanayopita wategaji wa wanyama. Ni siku mbili badala ya sita, lakini mtumbwi unabebwa nchi kavu mara saba. Mume wangu anaijua."

"Mume wako mgongo wake..."

"Anaijua," alirudia.

Pruitt alivuta droo akatoa karatasi. "Kwanza andika. Ulichofanya, na kwamba ulikatazwa. Kwa ajili ya bima."

"Nikirudi nitaandika kurasa kumi. Mwanga unakwisha, bwana."

"Sasa."

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kabati la mafaili. Mistari minne. Pruitt aliisoma akamrudishia. "Tarehe." Akaweka tarehe. "Na jina kamili kwa herufi kubwa." Akaweka na hilo. Nesi alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe. Alimpa Ghislaine sindano nne za akiba ndani ya kopo la chai, akambana mkono kidogo alipompa.

"Hili likiisha," alisema Pruitt, "tutazungumza habari ya nyumba."

"Ndiyo, bwana," alisema Ghislaine. Alipitia jikoni, akachukua unga safi kutoka pipa la mtoto na kikaango kutoka msumarini, akateremka ziwani.

Réjean alikuwa tayari ndani ya maji hadi magotini, ameushika mtumbwi. Hema, shoka, makasia matatu.

"Nani kakwambia?"

"Ukumbi mzima umesikia. Hata samaki wanajua. Ingia."

*

Walipiga kasia mpaka giza, wakalala saa tatu, wakaanza tena. Alhamisi yote jua lilikuwa jekundu nyuma ya moshi na macho yaliwawasha. Hakuna aliyeimba wala kuhadithia. Ghislaine alikuwa mbele, na kila alipopumzika kidogo alihesabu: robo saa, nusu saa. Na za kopo la chai, nne, saa nzima. Saa moja na nusu jumla. Kisha nini? Alianza upya, kama kwamba hesabu ingebadilika.

Kwenye nchi kavu Réjean alibeba mtumbwi mabegani na Ghislaine alibeba mizigo. Kikaango alikifunga kiunoni kwa utepe wake, kikawa kinagonga kopo la sindano kila hatua.

"Kama ng'ombe mwenye kengele," alisema Réjean kutoka chini ya mtumbwi. "Angalau dubu watatukimbia."

"Tembea, mzee."

"Natembea. Nikianguka usinizike hapa, mbu wengi."

Mara ya kwanza kati ya zile saba alicheka mwenyewe. Mara ya pili alitembea ameinama zaidi. Mara ya nne, kwenye mlima wa mawe yenye utelezi, mgongo wake ulikwama. Ghislaine alisikia mtumbwi ukigonga mti, akarudi akamkuta amepiga magoti, kipaji kwenye ukoga wa kijani wa mawe, anapumua kwa meno.

"Niache dakika moja."

"Hatuna dakika."

"Basi niache kabisa!"

Akaushika mtumbwi yeye. Hajapata kuubeba maishani mwake. Kazi yake ilikuwa jiko. Aliuinua mara ya kwanza ukamwangusha. Mara ya pili Réjean alimsukumia kutoka chini, bado amepiga magoti, akitukana kwa Kifaransa watakatifu wote wa kanisani, na ule mti unaokatiza katikati ya mtumbwi ukakaa mabegani kwake. Jino lililokwisha kung'olewa lilimpwita. Akaenda. Alitembea akiona miguu yake tu na kipande cha njia, na alilia njia nzima, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona.

Ijumaa mchana walipumzika kula mkate mkavu, kando ya bwawa lenye miti iliyokufa. Réjean alikuwa amejifunga mkanda wa mizigo kiunoni, ameubana mpaka mwisho.

"Nilikwambia unyamaze," alisema.

"Ulinambia."

"Na ningekuwa nimekosea."

Ghislaine aligeuka kumtazama. Katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo.

"Ungenyamaza," aliendelea Réjean, akitazama bwawa, "ningekaa kwenye nyumba ile, karibu na jiko lile, kuni zangu zinawaka vizuri, na kila nikisikia ndege ya majini ningedhani wanamleta yule mtoto. Hiyo nayo nyumba?" Akatupa ukoko wa mkate majini. "Lakini kuni nimezipanga vizuri mwaka huu. Hilo linaniuma, siwezi kukudanganya."

"Naliona."

"Haya. Nyanyua kasia."

*

Jumamosi asubuhi upepo uliupeleka moshi kando na Kisiwa cha Nusu kikaonekana, misonobari na ufuo wa mchanga. Mitumbwi sita ilikuwa imepinduliwa ufuoni, imekauka. Kumbe upepo wa mgongoni ulikuwa umewaleta mapema. Walikuwa wamefika tangu jana.

Ghislaine alikiona yeye kwanza. Kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, pamoja na soksi na nguo za kuogelea, kilianikwa kitambaa cha maua. Kimefuliwa, kinapepea.

Hakupiga kelele. Aliacha tu kupiga kasia.

"Piga," alisema Réjean nyuma yake. "Piga, mama, piga!"

Wasichana waliwasikia, wakatoka kwenye mahema wakikimbia. "Ni Mpishi! Jamani, ni Mpishi! Amekuja mpaka huku!" Walikuwa weusi kwa moshi na jua, wakakimbilia majini kuushika mtumbwi. "Tumeifungua jana! Tulishindwa kungoja! Ilikuwa tamu kuliko ya mwaka jana! Umetia nini?"

"Yuko wapi Tamsin?"

"Umetia nini, Mpishi?"

"Yuko wapi Tamsin!"

Wakauachia mtumbwi. Kiongozi wao, msichana mrefu aitwaye Bronwen, alinyoosha mkono kuelekea ncha ya kisiwa, upande upepo unakotokea. Juu ya mwamba, mbali na wote, palikuwa na mtu mdogo amekaa, amejifunika koti la mvua. Hakuwa anasogea.

Ghislaine alikimbia. Wale wasichana wamemwona akikimbia ukumbini mara nyingi, lakini mbio hizi hawakuzicheka. Kikaango kiligonga, kopo likagonga, akaanguka mara moja, akainuka.

Tamsin aligeuza kichwa. Alikuwa anakula biskuti kavu kutoka mfuko wake mwenyewe.

"Mama mpishi," alisema. "Unatoka damu gotini."

Ghislaine alikaa chini, pale pale kwenye jiwe. Alitaka kumkumbatia, akakumbuka mikono yake imeshika nini na nini, akaizuia. "Hukuila," alisema. "Hukuila keki."

"Niliomba orodha. Haikuwemo." Mtoto alisema bila kujisifu, alivyosema kila siku ya maisha yake. "Kama haimo kwenye orodha, sili. Halafu nikawaambia wanawe mikono na midomo, na kitambaa kifuliwe, na nikaja kukaa huku. Bronwen alisema naweza kurudi leo mchana. Wengine walinuna kidogo. Walisema naharibu siku." Alifikiri. "Nyumbani pia hukaa hivi, kwenye sherehe."

"Umelala hapa? Peke yako?"

"Hema langu lile pale. Si mbaya. Kuna ndege anayeita." Akavunja biskuti nyingine. "Umekuja mbali hivi kwa ajili ya keki?"

"Nimekuja kwa ajili yako."

Tamsin alitazama kule ufuoni, kitambaa kinapopepea. "Wote walisema ni tamu sana. Ladha yake ikoje?"

Basi mwanamke yule, aliyewahi kumvua aproni mpishi msaidizi kwa kusema tu supu yake haina chumvi, alifuta pua kwa mkono wa shati. "Kavu," alisema. "Niliisahau jikoni ikaungua chini. Wanakudanganya wale, wana njaa tu."

Aliteremka naye. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, mara tatu, mtoto amesimama anaangalia. Akafungua unga safi, akakanda mkate, akakiweka kikaango cha utepe mwekundu juu ya moto wao. Wasichana walikaa duara wakaambiwa wangoje, na ole wake atakayegusa kabla ya mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu aje Kanishi, Tamsin alikula wa kwanza na wengine wakamtolea macho.

"Ukoje?" aliuliza mmoja. "Tupe basi. Tamsin, acha uchoyo!"

Réjean alikuwa amelala chali mchangani, hawezi kuinuka, anacheka kila mgongo ulipomruhusu.

*

Nyumba waliihama mwezi wa tisa. Pruitt hakupaza sauti hata kidogo. Alisema sheria ni sheria, akampa kila mmoja mkono. Kuni zilibaki zimepangwa vilevile. Sasa Ghislaine anapika uji wa wazee kwenye nyumba ya wazee huko Timmins, kila bakuli na jina lake, na Réjean amezoeana na paka mmoja. Wa pili bado hawasemezani.

Mwaka uliofuata orodha ya Kanishi ilikuwa na kitu cha kumi na tisa. Niliiona kwa macho yangu, imechapwa vizuri, imebandikwa ukutani: *Keki ya Ghislaine (haina karanga)*. Wazazi waliipenda sana hadithi ile, na gati jipya lilijengwa. Lo, watu wana uso! Mwenyewe wamemtoa, jina wamelibakiza.

Verna, ambaye ndiye mpishi sasa, alimpigia Ghislaine simu mwezi wa sita, ana aibu mpaka hawezi kuanza. "Dada, Tamsin anarudi kiangazi hiki, na wameniambia nikuombe... ile keki. Sijui vipimo. Ukikataa nitawaambia umekataa, na mimi nitafurahi."

Ghislaine alivuta kiti, akaketi. Kisha akamtajia yote, polepole ili aandike: unga, molasi, zabibu, mafuta badala ya siagi. Moto wa wastani, saa moja na nusu.

"Na nifunge kwa kitambaa?"

"Funga. Na Verna."

"Naam, dada."

"Usiifiche chini. Iweke juu kabisa, yule mtoto wa kikaango akifungua aione."